Posa ambayo haikufika bungeni: kisa cha Mabel wa Uholanzi

Wanawake walioolewa kwenye familia ya kifalme ya Uholanzi ni wengi ila ukiuliza watu watakutajia mmoja tu, Máxima, yule Muargentina wa makofia makubwa ambaye leo ndo malkia. Mi nataka tumzungumzie mke wa shemeji yake, Mabel. Huyu kisa chake mtandaoni kinasimuliwaga kwa mstari mmoja, kwamba bunge la Uholanzi lilimkataa kwa sababu alikuwa demu wa bosi wa unga, mwanamfalme akaamua kuacha ufalme kwa ajili ya mapenzi, basi, watu wanaweka kopakopa wanapita. Sasa kwenye huo mstari karibu kila kipande kina shida. Bunge halikumkataa, halikuulizwa kabisa. Habari ya kuwa demu wa huyo jamaa mwenyewe aliikana. Na mwanamfalme hakuacha ufalme wowote maana hakuwa nao, alikuwa kwenye foleni tu kama wengine wengi.

Tuanze na yeye mwenyewe maana watu wanamwanzisha pale alipokutana na mwanamfalme, kana kwamba kabla ya hapo alikuwa kakaa kwenye benchi anasubiri. Kazaliwa tarehe 11 Agosti 1968, Pijnacker, kamji kadogo karibu na The Hague (ndiyo, ileile The Hague ya mahakama ya ICC, ambayo Wakenya hawahitaji kuelezwa). Jina la kuzaliwa ni Mabel Martine Los. Baba yake mzazi alifariki 1978 yeye akiwa bado mtoto, mama akaja kuolewa tena na bwana anaitwa Peter Wisse Smit, na mabinti wakachukua jina la baba wa kambo, ndo maana magazeti yote ya wakati wa ile kashfa yanamwita Mabel Wisse Smit. Chuo kasoma Amsterdam, siasa na uchumi, kafaulu vizuri sana, na miaka ya tisini wakati Bosnia inaungua yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu anazunguka kwenye korido za wanasiasa wa Ulaya na Marekani akiwasumbua wafanye kitu kuhusu ile vita. Mwaka 1997 akaingia taasisi ya Open Society ya bilionea George Soros akaongoza ofisi yao ya Brussels. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyekuwa na kazi yake na majina makubwa kwenye simu yake kabla hajavishwa pete na mtu yeyote.

Mchumba sasa. Johan Friso, mtoto wa pili wa Malkia Beatrix, kazaliwa Septemba 1968, yaani wamepishana na Mabel kama wiki sita hivi. Injinia, mtu wa mahesabu, alishapita kampuni ya ushauri ya McKinsey na benki ya Goldman Sachs, hakuwa mtu wa kupenda kupunga mkono kwenye gari la farasi. Kaka yake mkubwa Willem-Alexander ndo alikuwa mrithi. Uchumba ukatangazwa tarehe 30 Juni 2003, nchi ikashangilia, na kila mtu akajua hatua inayofuata ni ile ya kisheria.

Na hapa ndo penye fundo lenyewe, tulia kidogo.

Uholanzi mwanamfalme akitaka kuoa na aendelee kubaki kwenye foleni ya kurithi kiti, ni lazima ndoa yake ikubaliwe kwa sheria. Simaanishi baraka za mama wala barua ya pongezi, ni sheria kabisa inayopitishwa na mabunge yao mawili wakikaa kikao kimoja, wabunge 150 wa chini na 75 wa juu, jumla 225. Ipo kwenye katiba yao, ibara ya 28. Akioa bila hiyo sheria hakuna anayemkamata wala kufuta ndoa, ndoa ni halali kama ya mtu yeyote, ila yeye na watoto watakaotoka kwenye hiyo ndoa wanatoka kwenye foleni ya urithi. Ni hilo tu. Na kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba mwanamfalme haendi mwenyewe bungeni kuomba, muswada unapelekwa na serikali. Ukitaka uelewe kwa lugha ya nyumbani, waziri mkuu ndo mshenga. Yeye ndo anabeba posa, anasimama mbele ya wazee, anajibu maswali yote kuhusu binti, katoka wapi, kalelewa vipi, kuna lolote tunapaswa kujua. Na kwa nchi yao mfalme na familia hawajibu bungeni, mawaziri ndo wanaojibu kwa niaba yao, kwa hiyo mshenga akidanganywa na wenye posa, anayeaibika ukumbini ni yeye.

Sasa jiulize, posa ngumu kuliko zote ilikuwa ipi? Wengi wanadhani ya Mabel. Hapana. Angalia ya Máxima miaka miwili tu kabla. Baba yake Máxima, Jorge Zorreguieta, alikuwa kwenye serikali ya kijeshi ya Videla kule Argentina, akafika mpaka kuwa katibu wa serikali wa mambo ya kilimo, serikali ambayo iliteka na kupoteza maelfu ya watu. Hilo halikuwa la kificho, lilikuwa kwenye kumbukumbu. Serikali ya Uholanzi ikamtuma profesa wa historia, Michiel Baud, achimbe, akarudi na jibu kwamba mzee hakuhusika moja kwa moja na mauaji ila haiwezekani asijue kilichokuwa kinaendelea. Wakakaa mezani, mzee akakubali kutohudhuria harusi ya binti yake mwenyewe, bunge likakaa Julai 2001 likapitisha kwa kishindo, na tarehe 2 Februari 2002 binti akaolewa Amsterdam baba yake hayupo. Unaona? Mkwe aliyekaa kwenye serikali ya madikteta, na posa ikapita.

Ukirudi nyuma zaidi kuna Beatrix mwenyewe, mama wa hawa vijana. Yeye alimleta Claus von Amsberg, Mjerumani, aliyepita kwenye vijana wa Hitler na jeshi la Ujerumani mwishoni mwa vita, akamleta kwa Waholanzi ambao walikuwa na kidonda cha vita bado kibichi. Siku ya harusi, 10 Machi 1966, mitaa ya Amsterdam ilijaa mabomu ya moshi. Bunge lilishakubali. (Nichepuke kidogo kwa wale wa kwetu: huyu Claus sehemu ya utoto wake aliishi Tanganyika, baba yake alikuwa anasimamia shamba huku, na shule kasoma Lushoto. Mume wa malkia wa Uholanzi kakimbia kwenye milima ya Usambara akiwa na kaptula, mambo haya.) Upande wa pili kuna Irene, dada yake Beatrix, mwaka 1964 aliolewa na mwanamfalme Mkatoliki aliyekuwa anadai kiti cha Hispania, serikali haikupeleka ombi, wakafunga ndoa Roma na akatoka kwenye foleni. Mdogo wao Christina 1975 naye hakuomba ruhusa. Kwa hiyo Friso hakuwa wa kwanza kutoka, wala wa pili.

Kilichotokea kwa Mabel ni hiki. Siku chache kabla uchumba haujatangazwa, yeye na Friso walimwambia waziri mkuu Jan Peter Balkenende kwamba akiwa mwanafunzi, mwaka 1989, Mabel alimfahamu mtu anaitwa Klaas Bruinsma kupitia michezo ya boti za tanga, wakafahamiana juujuu kwa miezi michache, alipojua jamaa anafanya biashara gani akajitoa. Bruinsma ni nani? Ndo alikuwa bosi mkubwa wa bangi na hashishi Uholanzi nzima, mtoto wa tajiri aliyegeuka kuwa mhalifu, mrefu mpaka wakamwita Mrefu, na mwenye kuvaa nguo nyeusi mpaka wakamwita Mchungaji. Aliuawa kwa risasi nje ya hoteli ya Hilton Amsterdam usiku wa Juni 1991. Waziri mkuu akasikiliza, akaona sawa, binti alikuwa na kama miaka ishirini na moja, ujana, michezo ya boti, tumeishia hapo, twende.

Hawakuishia hapo. Mwanzoni mwa Oktoba 2003 mwandishi wa habari za uhalifu Peter R. de Vries, ambaye kule ni jina kama la mtu wa familia (alikuja kupigwa risasi Amsterdam mwaka 2021 akafariki siku chache baadaye), akarusha kipindi ambacho mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa Bruinsma anasema mbele ya kamera kwamba Mabel alikuwa zaidi ya mtu wa kufahamiana juujuu, kwamba alikuwa mpenzi. Mabel akakana kuwa mpenzi wake. Ila waziri mkuu akawaita tena, safari hii kwa maswali, na ikabidi wakubali kwamba mawasiliano yalikuwa ya karibu zaidi na ya muda mrefu zaidi kuliko walivyosema Juni, na kwamba alishawahi kulala kwenye boti ya Bruinsma. Wakakiri kwa maandishi kwamba taarifa walizotoa mwanzo hazikukamilika na hazikuwa sahihi.

Tarehe 10 Oktoba 2003 Balkenende akatoka mbele ya waandishi akasema serikali haitapeleka ombi la ruhusa bungeni, uaminifu umevunjika. Akatumia msemo wa Kiholanzi ambao mpaka leo wanaukumbuka, kwamba kwa jambo lisilo la kweli hakuna mmea uliowahi kuota wa kulitibu. Sisi tungesema uongo hauna dawa. Na Friso na Mabel wakasema sawa, tutaoana hivyohivyo.

Kwa hiyo mshenga aligoma njiani. Wazee hawakuwahi kukaa, hakuna kura iliyopigwa, hakuna mbunge aliyenyoosha mkono kumkataa Mabel. Na ukiniuliza mimi, sidhani kama angekataliwa. Bunge lililompitisha binti wa mtu wa serikali ya Videla lingeshindwa kweli kummeza mwanafunzi aliyepanda boti ya mhalifu miaka kumi na nne iliyopita? Sidhani hata kidogo. Tofauti ya hizi posa mbili wala haiko kwenye uzito wa dhambi, maana ya Máxima ilikuwa nzito zaidi mara kumi na isitoshe ilikuwa ya damu yake. Tofauti ni kwamba ile ya Máxima ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, wakaichambua, wakaitafutia mtu wa kuichunguza, wakaitafutia bei yake, mzee abaki nyumbani. Ya Mabel ilitoka kwenye televisheni baada ya mshenga kuwa ameshaambiwa kwamba hakuna kitu kikubwa. Kuna watu wanasema Balkenende alikuwa mkali kupita kiasi, kuna wanaosema ilikuwa wivu wa magazeti kwa mwanamke mwenye akili na historia yake, na kuna ukweli fulani humo, jinsi walivyomchambua huyu dada kalala wapi na nani, sijaona wanaume wa familia ile wakichambuliwa hivo. Lakini wewe ungekuwa waziri mkuu ungesimama mbele ya wabunge 225 useme nini?

Wakafunga ndoa tarehe 24 Aprili 2004, Delft, mji aliosomea Friso uinjinia, kwenye Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale, lile ambalo mnara wake umeinama kama umelewa. Malkia mama mkwe alikuwepo, Willem-Alexander na Máxima walikuwepo, kila mtu alikuwepo, hii habari ya kwamba walitengwa na familia ni ya kutunga. Gauni lilishonwa na Viktor & Rolf na lilikuwa na mafundo ya utepe 248, watu wa mitindo wanalizungumzia mpaka leo, mi naona lilikuwa kama zawadi ya Krismasi lakini nani kaniuliza.

Walichopoteza na walichobaki nacho hapa napo wengi wanachanganya. Uholanzi kuna vitu viwili tofauti, kuna ukoo wa kifalme, ambao ni undugu tu wa kawaida, damu na ndoa, hakuna mtu anayeweza kukutoa humo, na kuna Nyumba ya Kifalme, ambayo ni orodha ya kisheria ya watu ambao serikali inabeba lawama zao. Friso alitoka kwenye orodha, akabaki kwenye ukoo. Cheo cha Mwanamfalme wa Uholanzi kikaondoka, kikabaki cha Mwanamfalme wa Oranje-Nassau, ambacho ni chake binafsi, watoto hawakirithi, na Mabel kwa kuwa mkewe anaruhusiwa kuitwa Princess Mabel wa Oranje-Nassau. Mabinti wao wawili waliozaliwa London 2005 na 2006 ni makaunti (cheo cha chini kuliko princess), hawana nafasi kwenye foleni. Na foleni yenyewe Friso alikuwa wa pili wakati kashfa inalipuka, Desemba 2003 kaka yake akapata mtoto wa kwanza, Amalia, wakafuata wengine wawili, kwa hiyo hata kama posa ingepita hicho kiti angekiona kwenye picha tu.

Kuna kituko kimoja siwezi kukiruka. Mwaka 2007 ilitokea programu iliyokuwa inaonyesha nani kahariri nini Wikipedia na kutokea kompyuta ipi. Waholanzi wakakuta ukurasa wa Kiingereza wa Mabel ulihaririwa kutokea ikulu ya Huis ten Bosch, kwa mama mkwe. Ile sehemu ya taarifa zisizokamilika na zisizo za kweli mtu kaingia kafuta hilo neno la pili, ikabaki zisizokamilika basi. Wakabanwa wakakubali kwamba ni wao wenyewe wawili. Yaani nchi nzima ilishasahau, neno limekaa huko kwenye intaneti linakula vumbi, wenyewe ndo wakalipandisha tena kwenye kurasa za mbele. Ila mi inanionyesha kitu, kwamba kilichokuwa kinawachoma ni lile neno, kiti wala hawakukigusa.

Kazi yake haikusimama. Mwaka 2008 akawa mtendaji mkuu wa kwanza wa The Elders, lile baraza la wazee ambalo Nelson Mandela alilizindua 2007, mwenyekiti wakati huo alikuwa Desmond Tutu, ndani walikuwemo akina Graça Machel, Kofi Annan, Jimmy Carter, Mary Robinson. Kuwaongoza hao watu ulihitaji roho ngumu, kila mmoja alizoea yeye ndo anaongea mwisho. Ni humo ndo wakaingia kwenye suala la ndoa za utotoni, 2011 wazee kadhaa wakaenda Ethiopia, mkoa wa Amhara, wakakaa na mabinti walioolewa wakiwa hawajui hata wanaolewa, na Septemba mwaka huohuo ikazinduliwa Girls Not Brides, mwavuli wa asasi zinazopambana na hilo jambo, Mabel akiwa mmoja wa waanzilishi.

Miezi mitano baadaye, tarehe 17 Februari 2012, familia iko Lech, Austria, kwenye theluji ambako huwa wanaenda kila mwaka. Friso alikuwa anateleza nje ya njia zilizotengwa na rafiki yake, theluji ikaporomoka. Alifukiwa kama dakika 25. Waokoaji wakapambana kama dakika 50 moyo urudi, ukarudi, ubongo ulishakosa hewa muda mrefu mno. Kutoka hospitali ya Innsbruck, hukohuko Austria, akahamishiwa hospitali London karibu na nyumbani kwao, Mabel akaacha kazi ya The Elders mwaka huo, na hali ikawa hiyohiyo, mtu yupo na hayupo, mwaka mzima na nusu. Aprili 2013 mama yake akang'atuka na Willem-Alexander akawa mfalme, mdogo wake kalala. Julai wakamrudisha Huis ten Bosch, na tarehe 12 Agosti 2013, siku moja baada ya Mabel kutimiza miaka 45, akafariki. Alikuwa na miaka 44. Hakuzikwa Delft kwenye kaburi la wafalme, alizikwa kwenye makaburi madogo ya kijiji cha Lage Vuursche, karibu na kasri la Drakensteyn alikokulia.

Mabel akarudi kwenye kazi ya ndoa za utotoni na huko ndo amekaa zaidi, Girls Not Brides leo ina asasi wanachama zaidi ya elfu moja kwenye nchi zaidi ya 100, zikiwemo za Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hesabu za UNICEF ni kama wasichana milioni 12 kila mwaka wanaoolewa kabla ya miaka 18. Malawi walibadilisha katiba 2017 kuziba mwanya wa wazazi kuruhusu. Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, inamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa baba yake akiridhia, mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu Julai 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hapana, hukumu inabaki palepale. Nachekaga kidogo nikifikiria hilo, kwamba mwanamke mzima wa miaka 35 ndoa yake ilihitaji sheria ya mabunge mawili ili mumewe abaki kwenye foleni, na siku hizi anashinda akibishana na sheria ambazo binti wa 15 zinamhitaji baba tu.

Kwenye hizo kazi cheo cha princess hakitumii sana, anajiita Mabel van Oranje. Jina kamili la ukoo, lile lililotolewa kwa amri ya malkia Machi 2004 wiki chache kabla ya harusi kwa sababu Friso alikuwa anatoka kwenye orodha na inabidi aitwe kitu, ni Van Oranje-Nassau van Amsberg, na hilo Amsberg la mwisho ni la yule baba mkwe, Claus, aliyesoma Lushoto, aliyefariki Oktoba 2002, miezi michache kabla Mabel hajavishwa pete.